Mpango wa kujifungua: niandike nini ili wakunga wausome?

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 26, naishi Kihonda, Morogoro, na nina ujauzito wa wiki 31, wa kwanza. Kliniki nahudhuria zahanati ya hapa mtaani. Nimesoma mtandaoni kwamba wenzetu Ulaya na Marekani wanaandika mpango wa kujifungua na kuujadili na daktari na mkunga wao. Nami nimeandika wangu, kurasa tatu: nataka mume wangu awepo, nisilazwe chali, nisiongezewe njia, taa ziwe hafifu, mtoto asiogeshwe haraka. Wifi yangu ameusoma akacheka. Anasema nesi gani wa hospitali ya serikali ana muda wa kusoma barua, bora niandae hela ya chai. Mama naye anataka nikajifungulie kwake, kijijini Kilosa. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, anaweza asiwepo. Je, mpango huu una maana huku kwetu? Nizungumze na nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa kufika wiki 31. Wifi yako amepatia jambo moja: kurasa tatu hazitasomwa. Saa nane usiku, leba imejaa, wakunga wako wawili, mama mmoja anasukuma na mwingine anatoka damu nyingi. Karatasi yako itaishia chini ya mto. Ila kwenye kucheka amekosea. Karibu yote uliyoandika yamo kwenye mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma ya mama wakati wa uchungu na kujifungua, kuanzia kuwa na mtu wa kukaa nawe mpaka kutoongezewa njia (kukatwa msamba ili mtoto apite) bila sababu. Huombi anasa.

Kasoro ya mpango wako iko kwingine. Umeuandika kama mtu mwenye mkunga mmoja anayemfuata tangu mimba ikiwa changa. Nesi anayekupima zahanati hatakuwepo siku hiyo. Atakayekupokea hospitali hajawahi kukuona, na zamu yake ikiisha atakukabidhi kwa mwenzake, pengine kabla hujajifungua. Uchungu wa mimba ya kwanza huwa mrefu: njia ikishafunguka sentimita 5 unaweza bado kuchukua hadi saa 12, na kabla ya hapo unaweza kuhangaika na maumivu ya kuja na kuondoka siku nzima au zaidi. Hesabu mwenyewe hizo ni zamu ngapi. Mpango wako unatakiwa upite mikononi mwa watu watatu au wanne bila wewe kuueleza upya huku umeshika ukingo wa kitanda. Kinachovuka zamu ni kadi yako ya kliniki, mtu aliye pembeni yako, na karatasi fupi. Wewe umetumia nguvu zote kwenye karatasi, ambayo ndiyo dhaifu kuliko hivyo vingine.

Tuanze na la mama, kwa sababu hayo mengine yanategemea utakuwa wapi.

Mimba ya kwanza haina historia. Hakuna anayejua nyonga yako itampitishaje mtoto wala tumbo la uzazi litabanaje baada ya kondo la nyuma kutoka. Ndiyo maana tunapenda mzazi wa kwanza ajifungulie mahali penye upasuaji na damu, au karibu sana na mahali hapo. Vituo vya afya vingi sasa vina majengo ya upasuaji, na hilo ni jema, lakini jengo la upasuaji bila mtaalamu wa usingizi ni jengo tu. Kabla hujakubali kwenda Kilosa, mama aende kwenye kituo anachokitegemea akaulize hivi: "Mama akihitaji upasuaji hapa usiku wa Jumapili, mnamfanyia hapa hapa au mnampa rufaa? Akipewa rufaa, gari linachukua muda gani kufika? Damu mnayo?" Majibu ya hayo yatamaliza mjadala wa familia bila mtu kuonekana amemkatalia mama.

Ushauri wangu: mama aje Kihonda wiki ya 36 au ya 37, maana kuanzia wiki 37 mtoto amekomaa na siku yoyote inaweza kuwa yenyewe. Kumsafirisha bibi mzima wa afya na tenga lake la kuku ni kazi nyepesi kuliko kukusafirisha wewe na uchungu. Ukishajifungua na ukapata nguvu, nenda Kilosa ukalelewe uzazi wako mpaka unenepe. Wanaoishi mbali kabisa na hospitali na hawana ndugu mjini waulize kama pana chigonela, ile nyumba ya kusubiria ya wajawazito iliyo jirani na hospitali. Baadhi ya wilaya zinazo.

Usafiri nao upange kwa majina. Bajaji gani, dereva nani, anapokea simu usiku? Weka namba mbili. Pia ihifadhi namba 115, ya mfumo wa m-mama. Ni ya bure, na inamtafutia usafiri wa dharura mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, ama gari la wagonjwa, ama dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa na mfumo wenyewe. Ni ya dharura lakini. Uchungu wa kawaida ulioanza taratibu ni wa bajaji yako.

Sasa kadi. Wanawake wengi wanaibeba kama tiketi ya kuingilia hospitali, hawajui imeandikwa nini. Mkunga wa zamu asiyekujua anafungua kadi kabla ya kukutazama usoni. Hudhurio lijalo kaa na nesi wako wa zahanati muipitie mstari kwa mstari: kundi la damu, wingi wa damu, presha ya kila hudhurio, mkojo, kipimo cha VVU na cha kaswende, majibu ya utrasaundi kama ulifanya. Pakiwa wazi, uliza kwa nini. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11, wiki hizi zilizobaki ni za kupambana nao kwa vidonge na chakula, kwa sababu mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza siku ya kujifungua. Kundi lako likiwa hasi, mathalani O hasi, na mumeo ni chanya au hajapima, uliza mapema sindano ya Anti-D, inayozuia mwili wako usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, inapatikana wapi na kwa bei gani. Mtoto akizaliwa na damu chanya unatakiwa uchomwe ndani ya saa 72, na hizo si saa za kumtuma shemeji azunguke maduka ya dawa. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, mpango mzima unabadilika na unatakiwa kuhamia kwa daktari wa hospitali, si kusubiri zahanati.

Unauliza uzungumze na nani. Na watu wawili. Wa kwanza ni huyo nesi wa zahanati. Wa pili humjui bado: muuguzi mfawidhi wa leba ya hospitali utakayojifungulia. Kwenye wiki ya 35 au 36 omba uandikiwe uende ukaonwe hospitali walau mara moja, ili jina lako liwe na faili pale na mtoto aangaliwe amelalaje. Ukimaliza kuonwa, tafuta leba. Usiende asubuhi, asubuhi wanakabidhiana zamu na kupita vitandani na madaktari. Mchana kumetulia kidogo. Simama mlangoni, usiingie.

"Shikamoo sista. Samahani kwa usumbufu. Nategemea kujifungulia hapa mwezi ujao, ni mimba ya kwanza. Naomba kuuliza mambo machache ili nisije nikawasumbua siku yenyewe."

Umeona sentensi ya mwisho ilivyokaa? Humwambii namna ya kufanya kazi yake. Mkunga aliyechoka akisikia "mimi nataka" anajifunga. Akisikia unataka kumrahisishia kazi anavuta kiti. Nimefanya kazi leba za serikali miaka mingi, na sijaona mkunga aliyekasirika kwa swali la mtu aliyemsalimia vizuri na akauliza kabla ya uchungu. Hasira huja pale mama ameshafungua sentimita 8 na ndugu yake anasoma masharti kwenye simu. Muulize: mtu wangu anaruhusiwa kuingia? Wa kiume je? Nije na vifaa gani? Naweza kutembea na kula nikiwa kwenye uchungu? Mnazalisha mama akiwa amelala ubavu? Mkinipa rufaa, mnanipeleka wapi?

Kuhusu vifaa, sera ya serikali inasema huduma ya mjamzito ni bure kwenye vituo vya umma, lakini usiende mikono mitupu kwa kutegemea sera. Kila hospitali ina orodha yake. Mara nyingi utasikia glavu, pamba, mpira wa kulalia, kibano cha kitovu, beseni, na khanga au vitenge visivyopungua vinne. Chukua orodha yao, si ya rafiki yako aliyejifungulia kwingine.

Suala la mumeo kuwepo nitalikalia kidogo. Kuwa na mtu wako pembeni muda wote wa uchungu si mapambo. Tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali zilipokusanywa pamoja zilionyesha kuwa mama mwenye mtu wa kumsaidia mfululizo uchungu wake unakuwa mfupi kidogo, anajifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, na anatoka leba akiwa ameridhika zaidi. Hata hapa kwetu lilijaribiwa: Kigoma, kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilishirikiana na vituo vya serikali kuruhusu akina mama kuingia na msindikizaji. Na wakunga, ambao ungedhani wangelalamika, walikuta wamepata mkono wa ziada.

Kikwazo ni mume. Leba zetu nyingi ni chumba kimoja chenye vitanda kadhaa, na mama wa kitanda cha pili naye amelala bila nguo. Palipo na mapazia kati ya vitanda au vyumba vya mmoja mmoja, mume anaingia. Pasipokuwepo, atazuiwa, na anayemzuia ana sababu. Wewe una sababu ya ziada: mumeo anaweza kuwa Tunduma anasubiri kuvuka mpaka siku uchungu unaanza. Kwa hiyo chagua mwanamke, na chagua na wa akiba. Mume abaki na kazi mbili ambazo hazihitaji awe chumbani: simu iwe hewani, na hela ya dharura iwe mahali ambapo wewe unaweza kuifikia bila yeye.

Mwanamke gani? Asiyepaniki kwa kuona damu, anayekubali kuambiwa "subiri nje" bila kugombana, na ambaye hataingia na chupa kwenye pochi. Hili la chupa nalisema kwa uzito. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, na vidonge vya kuanzisha uchungu vinavyouzwa kwa siri, hubanisha tumbo la uzazi bila mapumziko. Mtoto anakosa hewa, na tumbo la uzazi lenyewe linaweza kupasuka. Hatuna namna ya kujua umekunywa kiasi gani, na tukikuwekea dripu ya uchungu juu yake tunaongeza moto bila kujua. Mtu wako akiwa amekwisha kukupa kitu, mwambie mkunga. Atafoka dakika moja, kisha atajua pa kuanzia.

Huyo mtu mpe kazi zinazoeleweka. Akukande kiuno uchungu unapobana, mkono wake uwe na nguvu. Akupe uji mwepesi au chai yenye sukari kidogo kidogo. Mama asiye na tatizo anaruhusiwa kula na kunywa akiwa kwenye uchungu, mpaka aambiwe vinginevyo. Akukumbushe kwenda haja ndogo, kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Na zamu inapobadilika asimame aseme sentensi moja tu kwa mkunga mpya: "Sista, huyu ni mimba ya kwanza, kundi lake la damu ni hili, na karatasi yake iko kwenye kadi." Hapo ndipo mipango mingi hupotelea, kwenye kukabidhiana.

Tahadhari moja kabla hujamkabidhi kadi. Imeandikwa majibu ya vipimo vyako vyote. Kama kuna jambo hutaki mama mkwe, wifi au hata mume alijue, kadi ishike mwenyewe, na umwambie nesi wa kliniki mapema ili akueleze utalifikishaje leba kimya kimya. Anayetumia dawa za kufubaza virusi aje nazo kwenye mkoba na asiruke dozi kwa sababu ya uchungu.

Tuje kwenye uliyoyaomba. Taa hafifu, futa. Mkunga anahitaji kuona msamba wako na rangi ya damu, na taa ni moja ya chumba kizima. Mtoto kutoogeshwa haraka, acha hilo, linakubalika bila ubishi: mapendekezo ni kusubiri saa 24, na anayebisha mara nyingi ni bibi, si nesi. Kitovu kisubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kukatwa mtoto akiwa analia vizuri, na mtoto awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Hayo yaombe.

Mkao ni pagumu zaidi. Wakunga wengi wa rika langu tulifundishwa kuzalisha mama akiwa chali, vitanda vyetu vimetengenezwa hivyo, na macho yetu yamezoea kuona hivyo. Wakati wa uchungu tembea, simama, egemea ukuta, piga magoti ukiwa umeinamia kitanda. Hapo huhitaji ruhusa kubwa. Wakati wa kusukuma ndipo utaambiwa upande kitandani. Ukiomba kuchuchumaa na mkunga hajawahi kumzalisha mtu aliyechuchumaa, atakataa kwa hofu, na mimi nisingependa uzalishwe na mtu mwenye hofu. Omba kulala ubavu wa kushoto, msindikizaji akushikie mguu wa juu. Mkunga bado anaona kila kitu, na wewe hujalalia mishipa mikubwa ya damu. Wengi wanakubali.

Kuongezewa njia: haitakiwi kufanywa kwa kila mama wa kwanza kwa kuwa tu ni wa kwanza. Inafanywa kwa sababu, kama mapigo ya mtoto yameshuka na anatakiwa kutoka sasa hivi. Usiandike "nisiongezewe njia kamwe." Andika: "Naomba nielezwe sababu, na nipigwe ganzi kabla ya kukatwa na kabla ya kushonwa." Hilo la ganzi hakuna mkunga mwenye haki ya kulikataa kama dawa ipo. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa msambani wakati kichwa kinashuka husaidia usichanike vibaya. Mwambie msindikizaji aje na chupa ya chai yenye maji ya moto, itafanya kazi zote mbili, ya chai na ya kitambaa.

Kuna moja hukuliandika na ungeliandika: usikandamizwe tumbo. Bado kuna mahali mtu anapanda kando ya kitanda na kusukuma tumbo la mama kwa mikono ili mtoto atoke. Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Kama mtoto hashuki, kuna njia nyingine, na daktari ndiye wa kuitwa.

Maumivu yatakuwepo. Ganzi ya mgongoni kwa ajili ya uchungu, ile wanayoizungumzia huko mtandaoni, kwenye hospitali nyingi za umma hapa ipo kwa upasuaji tu. Kwa hiyo mkono wa kukukanda, kutembea, maji ya uvuguvugu kama pana bafu, na pumzi ndefu ndivyo ulivyo navyo. Kupiga kelele si kosa. Ukigombezwa kwa kulia, kosa ni la anayegombeza.

Karatasi yako basi iwe nusu ukurasa, herufi kubwa, ibanwe ndani ya kadi. Mimi ningeiandika hivi:

"Mimba ya kwanza. Kundi la damu: ___. Wingi wa damu wiki ya 36: ___. Dawa inayonidhuru: hakuna.
Msindikizaji: mama yangu. Akiwa hayupo: wifi. Simu: ___.
Naomba: kutembea na kunywa uji wakati wa uchungu. Kusukuma nikiwa nimelala ubavu ikiwezekana. Kuelezwa kabla ya kupimwa njia, kuongezewa njia au kuwekewa dripu ya uchungu. Ganzi kabla ya kukatwa na kushonwa. Nisikandamizwe tumbo. Mtoto awekwe kifuani mara tu akilia vizuri.
Upasuaji ukihitajika, nakubali kuelezwa na kusaini mwenyewe. Ndugu wawili wako tayari kutoa damu.
Asanteni kwa kazi yenu."

Mstari wa mwisho si unafiki. Kuhusu upasuaji, uamuzi mara nyingi unafika ghafla, na ukishafika dakika zina thamani. Wewe mtu mzima mwenye akili timamu ndiye unayetia saini fomu ya ridhaa. Wasisubiri mume apatikane Tunduma. Lizungumzeni hili na mumeo sasa, amwambie mama yako na wa kwao waziwazi kwamba hakuna kikao siku hiyo. Muulize daktari mambo mawili: kwa nini sasa, na nini kinaweza kutokea tukisubiri. Ukielewa, saini. Ndugu wa damu watafute wazima wa afya, waliokula, na walioko Morogoro, si wa kwenye simu.

Lini uondoke nyumbani? Kwa kuwa uko mjini, uchungu ukija kila baada ya dakika tano kwa saa nzima, na kila mmoja ukidumu karibu dakika moja, ita bajaji. Ukienda mapema mno utakaa benchi sentimita 2 na kila anayepita ataanza kukuona umechelewa. Lakini usihesabu chochote ukiona haya: damu inatoka ukeni, chupa imepasuka (maji ya kijani au ya kahawia yana maana mtoto amejisaidia tumboni, kimbia), mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana na unaona maruerue, uso umevimba, homa, au maumivu ya tumbo yasiyoachia. Degedege likikushika wewe hutajua, kwa hiyo mtu anayelala nyumba moja nawe ajue kupiga 115.

Mtoto akishatoka watu wote humgeukia yeye, na hapo ndipo msindikizaji anatakiwa abaki akikutazama wewe. Damu nyingi baada ya kuzaa ndiyo inayoua akina mama kwa kasi zaidi. Utachomwa oksitosini yuniti 10 pajani ili tumbo la uzazi libane. Uliza kama umechomwa. Huenda ukawekewa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo. Usiushangae: utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ukatolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa mfuko huo na kutoa tiba zote kwa pamoja mara moja kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Macho peke yake hukosea. Ukiwa wodini, pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, au ukihisi kizunguzungu na jasho baridi, msindikizaji asiogope kumfuata sista hata kama yuko kwenye chai. Na usikimbilie kuruhusiwa. Inatakiwa ukae walau saa 24. Wodi ikijaa watakushawishi, lakini kama hakuna anayekulazimisha, kaa.

Limebaki la hela ya chai. Usitoe. Najua wifi yako anasema kwa uzoefu, na sitakuambia haipo. Ila ukishatoa kwa zamu moja, zamu inayofuata haikujui, na yule wa kwanza umemfundisha kumwangalia mama wa kitanda cha pili mkononi kabla ya kumwangalia tumboni. Ukiombwa, sema huna, kumbuka siku, saa na zamu, kisha baada ya kutoka mweleze muuguzi mfawidhi au piga namba za malalamiko zilizobandikwa ukutani. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana 113, nayo ni bure. Kutukanwa na kupigwa vibao kunalalamikiwa kwa mfawidhi huyo huyo, na juu yake kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hiyo hela uliyoambiwa uigawe iweke kwenye simu ya msindikizaji, si yako, kwa ajili ya bajaji ya usiku, vocha, na uji wa siku ya pili.